Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Mwenyeji ni Nani?

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna mtoto katika nchi hii asiyeijua methali hiyo, na maana yake haihitaji mwalimu. Mgeni ajapo, ua hufagiwa, kuku huchinjwa, ugomvi wa mume na mke huwekwa kando, na mwenyeji ambaye juzi na jana alikuwa akila kisamvu kitupu naye hupata mnofu. Leo twataka kuitoa methali hiyo nyumbani na kuipeleka kazini, katika nyumba za wageni, migahawa na mahoteli yetu, kisha tuulize swali moja tu: Humo ndani, mwenyeji ni nani?

Wengi watajibu upesi kwamba mwenyeji ni mwenye mali. Sisi twaona sivyo. Mgeni anapobisha hodi usiku, mwenye mali yuko kwake amelala. Anayefungua mlango ni mlinzi. Anayeandika jina la mgeni kitabuni ni kijana wa mapokezi. Anayetandika kitanda, anayepika, anayeosha sahani, anayefua mashuka, hao ndio mgeni anaowaona, au anaoila kazi ya mikono yao bila kuwaona. Hao ndio wenyeji. Basi ikiwa methali ya wahenga ni ya kweli, hao ndio wapasao kupona mgeni ajapo. Na kama wao hawaponi, hatuna haki ya kustaajabu mgeni asiporudi.

KASULU SAA NNE YA USIKU

Hivi karibuni tulisafiri katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, tukalala Kasulu na Kibondo. Kasulu tulifika usiku, saa nne kasoro robo, tukiwa na njaa na uchovu wa njia. Nyumba tuliyofikia hatutaitaja jina, maana nia yetu si kumwaibisha mtu, na tena tuliyoyaona humo yamo katika nyumba nyingi toka Tunduma hadi Tarime. Nyumba yenyewe ni nzuri. Ina vigae sakafuni, televisheni ukutani, na chandarua safi juu ya kila kitanda. Tuliagiza ugali, migebuka na chai.

Binti aliyetupokea alituamkia kwa adabu, "Shikamooni," akatuonyesha pa kuketi, akaenda jikoni. Toka pale tulipoketi tulisikia kila neno. Mpishi alisema saa yake imekwisha na jiko limezimwa. Binti akasema wageni wana njaa. Mpishi akamwuliza kama yeye ndiye aliyewaambia wasafiri usiku. Mwosha vyombo akacheka. Mlinzi, alipoombwa alete mkaa, alijibu kwamba ameajiriwa kulinda, hakuajiriwa kubeba mkaa. Ikapita saa nzima. Mwishowe chai ikaja, na wakati binti anaipanga mezani glasi moja ikaponyoka mkononi, ikavunjika.

Hapo ndipo tulipoona jambo lililotufanya tuandike makala hii. Binti yule hakuomba radhi wala hakuinama kuokota. Alisimama akivitazama vile vipande, machozi yakimlengalenga. Tulidhani amejikata. Tulipomwuliza alisita, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Hiyo ni ya tatu mwezi huu, baba. Zinakatwa." Tukamwuliza glasi moja hukatwa shilingi ngapi. Hakujua, husikia tu siku ya mshahara. Tukamwuliza alianza kazi saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi. Na kesho je? Saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa, ndugu msomaji, ni rahisi kusema kwamba mpishi yule ni mvivu, mlinzi ni mkaidi, na binti ni mzembe. Mwenye nyumba, kama angekuwapo, angesema hivyo, na pengine angewafukuza wote watatu na kuajiri wengine watatu kesho yake. Walakini wale wengine nao, baada ya miezi miwili, wangekuwa kama hawa. Kwa maana katika nyumba ile kila mtu amejifunza kwamba siku ya mshahara yu peke yake. Glasi ikivunjika ni ya binti, si ya nyumba. Chakula kikiungua ni cha mpishi. Shuka likipotea ni la mfuaji. Mtu aliyefundishwa kubeba hasara peke yake, utamwambiaje abebe mkaa wa mwenzake? Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kasulu tuliyaona mafiga matano, kila moja limekaa pembe yake, na chungu kiko chini.

TOPE HALITULETEI WAGENI TENA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo madogo ya jikoni, hayafai kushika nafasi katika ukurasa huu. Tungependa aangalie hali ya nchi ile kwa muda, naye ataona kwamba mkate wa watu wengi umo ndani yake.

Biashara ya kulaza wageni katika Kasulu na Kibondo ilikuzwa na mambo mawili ambayo hakuna mtu aliyeyatamani. La kwanza ni shida za majirani zetu. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1972, na tena mwaka 1993. Mwaka 1996 walikuja ndugu zetu wa Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, Nyarugusu ilifurika, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya huko Kibondo, na Januari 2016 ikafuata ya Mtendeli, wilayani Kakonko. Nyuma ya wakimbizi walikuja watumishi wa mashirika, madaktari, waandishi wa habari na madereva wa malori ya chakula. Vyumba vilijaa. Mwenye nyumba ya vyumba sita aliongeza vingine sita, na mgeni alilala popote penye kitanda bila kuuliza jinsi atakavyohudumiwa, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Lakini tangu Septemba 2017 Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa hiari yao, na mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ilifungwa. Nasi twafurahi mkimbizi anaporudi kwao kwa amani, maana hakuna mtu mwema anayeomba msiba wa jirani udumu ili vyumba vyake vijae.

La pili lilikuwa tope. Wenyeji wa Buha wanakumbuka vema masika ya miaka iliyopita, mabasi yalipokwama na abiria wakalala njiani wapende wasipende. Tope ndilo lililokuwa likituletea wageni. Sasa tope linaondoka. Serikali imejenga lami toka Nyakanazi hadi Kabingo, na toka Kasulu hadi Kidahwe. Na kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu umekuwako ujenzi mkubwa wa kilomita zipatazo 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa nao uliingia katika mkoa wa Kigoma. Haya ni maendeleo, na kila mwananchi anayashangilia.

Lakini tufikiri mbele kidogo. Dereva atokaye Mwanza, ambaye zamani hakuwa na hila ila kulala Kibondo, atakapoiona lami nyeusi mbele yake atasema: Twende tu, Kigoma si mbali. Mgeni wa kesho ni yule atakayesimama kwa kupenda kwake. Atasimama kwa sababu mara ya mwisho alipopita alipokewa vizuri, chakula kikaja kwa wakati, na shuka lilikuwa safi. Asiposimama, vyumba vitabaki vitupu, na wa kwanza kuambiwa aende nyumbani ni yule binti wa glasi tatu. Ndiyo sababu twasema kwamba mapatano kati ya mpishi na mhudumu si jambo dogo. Ndiyo kazi yenyewe.

KIBONDO ASUBUHI

Siku ya tatu tulikuwa Kibondo, katika nyumba nyingine ambayo nayo hatutaitaja, kwa kuwa mwenyewe hakututuma tumsifu. Ni nyumba ya kawaida. Haina vigae, na televisheni yake ni ndogo kuliko ile ya Kasulu. Tuliamka mapema kwa ajili ya safari, tukatoka uani tukitafuta maji. Ilikuwa saa kumi na mbili unusu. Tukawakuta wafanya kazi wote wameketi juu ya mabenchi kando ya jiko, na katikati yao birika moja kubwa la chai na sinia ya viazi. Mlinzi aliyekesha alikuwa hajaenda nyumbani. Alikuwa akinywa chai pamoja na wale waliofika kupokea kazi. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa makamo, alikuwa ameketi kati yao kwenye benchi lile lile, na kikombe chake kilikuwa sawa na vikombe vyao.

Kila aliyefika alisema "Mwakeye," ambayo ni salamu ya asubuhi ya Waha, na aliitikiwa na wote bila haraka. Wajuao desturi za Buha wanafahamu kwamba salamu huko si neno la kupita njia. Mtu huulizwa habari za usiku, za watoto na za mgonjwa aliyemwacha nyumbani, na hujibu. Pale bibi yule alipata kujua, bila ya kumhoji mtu, kwamba mtoto wa mfuaji ana homa, na mara ile ile wenzake wakapatana nani atashika nafasi yake hadi atakaporudi toka zahanati.

Baada ya salamu kijana wa mapokezi alifungua daftari. Akasoma wageni wangapi wanaondoka, wangapi wanatazamiwa, nini kimepungua ghalani, na nini kilikwenda vibaya jana. Hapo palikuwa na maneno. Mpishi alilalamika kwamba wageni wawili waliondoka alfajiri bila kifungua kinywa kwa kuwa hakuambiwa. Kijana akajitetea kwamba alisema. Mlinzi akashuhudia kwamba kijana alisema, lakini alimwambia yeye mlinzi, naye alisahau. Wakakubaliana kwamba toka siku ile habari ya mgeni wa alfajiri itaandikwa kwa chokaa ubaoni, mlangoni mwa jiko. Yote hayo hayakupita robo saa. Hakuna aliyefokewa, na kosa lilipata dawa kabla jua halijapanda.

Tulimwuliza yule bibi kwa nini ajipe taabu ya kuja kunywa chai na watu wake kila siku, naye ana wajukuu wa kumchemshia maji kwake. Akatujibu: "Mimi nalala, wao wanakesha. Mgeni akija usiku hanikuti mimi, anawakuta wao."

Hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tukiyatafuta tangu Kasulu. Bibi yule anajua mwenyeji ni nani.

MAMBO MANNE

Tusimfanye mtu yeyote afikiri kwamba umoja wa wafanya kazi huletwa na chai na maneno matamu. Tulipochungua tuliona kwamba nyuma ya benchi lile mna mambo manne yaliyonyooshwa, nayo yanaweza kunyooshwa na kila mwenye nyumba, hata mwenye vyumba vinne tu.

La kwanza ni jina. Pale kila mtu anaitwa kwa jina lake, au dada, au kaka, au mama. Hatukusikia "wewe" wala "we msichana". Mgeni naye akisikia mwenye nyumba anamwita mpishi kwa heshima, ulimi wake nao hujifunza heshima.

La pili ni zamu. Karatasi ya zamu imepigiliwa ukutani jikoni, wote wanaisoma, na mwenye nyumba haibadili bila kusema. Hili si hisani, ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inasema kwamba saa za kawaida za kazi ni 45 kwa juma, wala zisizidi 9 kwa siku. Yapasa mtu apumzike saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 mfululizo kila juma. Saa za ziada ni kwa mapatano, na malipo yake ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Afanyaye kazi usiku anastahili nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Binti aanzaye saa kumi na mbili asubuhi na kupokea wageni saa nne usiku, sheria hiyo haijamfikia. Na mtu aliyechoka hana uchangamfu wa kumpa mgeni, hata umwamrishe vipi atabasamu.

La tatu ni glasi. Katika daftari la Kibondo mna safu ya vitu vilivyovunjika, na nyumba huvitazamia kama inavyotazamia kuisha kwa sabuni. Mkono unaoosha vyombo mia kwa siku hauwezi kukosa kuvunja kimoja. Tena wenye nyumba wengi hawajui, au hawataki kujua, kwamba sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 imewafunga mikono. Mshahara haukatwi kwa ajili ya kitu kilichovunjika au kupotea mpaka mfanya kazi mwenyewe akubali deni hilo kwa maandishi. Tena hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kubisha. Makato yasizidi hasara yenyewe. Na kwa jumla yasipite robo ya ujira wake. Kumkata mtu asijue hata ni kiasi gani ni kumnyang'anya.

La nne ni kopo. Bahashishi anayoitoa mgeni huingia katika kopo moja, na Jumamosi hugawanywa mbele ya wote. Hapo zamani, walituambia, kila mhudumu alitia mfukoni alichopewa, na mpishi alipoona kwamba utamu wa chakula chake unamnufaisha mwingine, akaacha kuharakisha. Tangu kopo lilipowekwa, mpishi mwenyewe huuliza kama wageni wameridhika. Maneno mengi ya kuhimiza umoja yasingeweza kufanya kazi iliyofanywa na kopo lile.

Mtu asifikiri kwamba nyumba ile ni ya malaika. Tuliambiwa kwamba yuko mmoja aliyeondolewa kwa kuuza mashuka. Lakini aliitwa, akaelezwa kosa lake, akajitetea, kisha akaenda zake. Waliobaki hawakuogopa, kwa sababu waliona njia aliyopitishwa, wakajua kwamba hata mkosaji hakuonewa.

HESHIMA SI JAMBO GENI KWETU

Wako watakaosema kwamba hizi ni fikra za kigeni, zimetoka katika vitabu vya wenye mahoteli makubwa ya Ulaya. Sisi twasema ni fikra zetu wenyewe, na watu wa Kasulu na Kibondo wana sababu kubwa ya kuzijua kuliko wengine.

Katika zama za mkoloni, Buha palifanywa kuwa kisima cha nguvu kazi. Shirika la kuandika vibarua wa mkonge, lililoanzishwa mwaka 1944 na kuitwa Silabu vinywani mwa watu, lilichukua vijana wa nyanda zile kwa maelfu, likawapakia katika gari moshi na kuwapeleka mashamba ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wazee wetu walibeba mizigo mingi, lakini uliokaa sana katika kumbukumbu ni huo wa mtu mzima, mwenye mke na watoto na ukoo, kuitwa namba. Je, mjukuu wa manamba, leo ambapo ana nyumba ya vyumba kumi pale mjini Kasulu, ataweza kumwita binti wa jirani yake "we wa chumba cha saba"?

Wafanya kazi wa mahoteli nao wana sehemu yao katika historia ya uhuru. Mwishoni mwa mwaka 1956 wafanya kazi wa majumbani na mahotelini wa Dar es Salaam waligoma, wakati Shirikisho la vyama vya wafanya kazi lilikuwa bado changa, na Rashidi Kawawa akiwa miongoni mwa viongozi wake. Wale waliodhaniwa kuwa ni watu wa kubeba trei tu waliionyesha serikali ya mkoloni kwamba bila wao hata chai ya gavana haiji.

Baada ya uhuru jambo hili halikusahauliwa. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanya kazi, ili wenye kufanya kazi washauriane na wenye kuiongoza. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliokataa majivuno na dharau za viongozi kwa wale walio chini yao. Na tazama yaliyofuata: mingi ya migomo iliyotokea viwandani katika miaka ile haikuwa ya kudai mishahara. Watu waliacha kazi kwa sababu walitukanwa. Hilo ni fundisho ambalo halijachakaa. Mtu hustahimili ujira mdogo kwa muda, akitumaini kesho. Tusi halistahimiliki, maana linamwambia kwamba hana kesho.

NA MFANYA KAZI JE?

Tumesema mengi kwa mwenye nyumba. Haki yatutaka tuseme na mfanya kazi pia, wala hatutamng'ong'a.

Ndugu, mlinzi yule wa Kasulu aliyekataa kubeba mkaa hakumwadhibu tajiri wake. Tajiri alikuwa amelala usingizi mzuri. Alimwadhibu binti maskini kama yeye, na wageni wasiomkosea. Mpishi aliyezima jiko kwa hasira alilizima juu ya mshahara wake mwenyewe. Iko tofauti kati ya kudai haki na kukomoana. Anayedai haki huungana na wenzake, huenda mbele ya mwenye kazi mchana, husema jambo lake kwa maneno yanayoeleweka. Anayekomoa hukaa gizani, hupunguza chumvi, huficha ufunguo, hupeleka maneno ya huku kule. Haki haijapata kuletwa na umbeya.

Njia zipo. Kipo chama cha wafanya kazi wa mahoteli na majumbani, CHODAWU. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambako mtu aliyeachishwa kazi kwa uonevu aweza kupeleka shauri lake katika siku 30, na mwenye shauri jingine, kama la makato, katika siku 60. Mkataba uwe wa maandishi, na nakala yake uiweke mahali pasipo mvua wala panya.

Tena kazi hii ina ujuzi wake, na ujuzi huleta heshima. Kasulu na Kibondo kila moja ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, katika vyuo vile vilivyoanza kujengwa nchini mwaka 1975 ili mtu mzima apate elimu ya kumfaa kazini. Mpishi ajuaye hesabu ya chakula cha watu 30, na mhudumu ajuaye kuweka daftari, hao hawaombi heshima mlangoni; huingia nayo.

KWA WANACHAMA WENZETU

Neno la mwisho twalielekeza ndani ya nyumba yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, katika uamuzi uliofanywa Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Hatuandiki leo kulaumu wala kusifu uamuzi huo. Lakini matokeo yake ni kwamba baadhi ya nyumba za wageni, huko Buha na kwingineko, ni mali ya watu wenye kadi mfukoni sawa na yetu. Mwanachama wa namna hiyo huenda mkutanoni akasimama, akasema juu ya wanyonge kwa sauti kubwa, kisha akarudi nyumbani kwake na kukata glasi tatu katika mshahara wa mnyonge anayemlisha yeye. Watu wanamsikia mkutanoni, na watu hao hao wana binti zao katika jiko lake. Wanalinganisha.

Tulipokuwa watoto tulifundishwa habari ya Bwana mmoja ambaye, usiku wa mwisho aliokula na wanafunzi wake, alijifunga kitambaa kiunoni akawatawadha miguu. Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kwamba ujira wa kibarua ulipwe kabla jasho lake halijakauka. Dini zetu ni mbalimbali, lakini katika jambo hili zimekutana mlangoni mwa jiko. Mwanachama ambaye hayuko tayari kuketi robo saa kwa siku kwenye benchi moja na watu wake, na kunywa chai ya birika moja, asitafute nafasi ya kuongoza kata nzima.

Asubuhi tulipoondoka Kasulu, kabla ya kufika Kibondo, tulimkuta yule binti mapokezini. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alitubebea mfuko mmoja hadi garini, akatutakia safari njema, akasema, "Mkipita tena, karibuni." Tuliacha fedha ya glasi mezani, tukaandika hivyo katika kitabu cha wageni ili asidaiwe. Hilo halitoshi, nasi twajua. Mgeni hawezi kulipa kila glasi inayovunjika toka Kasulu hadi Kakonko. Anayeweza kulimaliza jambo hilo ni mwenye nyumba kwa kalamu moja, na wafanya kazi kwa umoja wao.

Binti yule alitualika turudi, ingawa nyumba ile haijampa sababu ya kumwalika mtu. Mwenye nyumba hiyo ana hazina mlangoni mwake, naye anaikata glasi. Lami imefika, umeme umefika, na wageni watapita. Basi tuiseme tena methali ya wahenga, lakini safari hii tuitimize: Mgeni njoo, na mwenyeji, yule aliyekesha akikungoja, apone.